MV Nidhamu Inazunguka Kushoto

Siku tatu kabla ya Siku ya Wazazi, mkuu wa shule yetu, Mwalimu Novatus, aliniita ofisini akanionyesha barua mbili. Ya kwanza niliijua vizuri, maana niliisaini mwenyewe mwezi uliopita: onyo la mwisho. Ya pili ilikuwa imeshachapwa na kugongwa muhuri, na jina langu limekaa katikati yake kwa herufi kubwa kama jina la marehemu kwenye tangazo: MWANDU, KIDATO CHA TATU. Ilikosa tarehe tu.

"Unaona hapa?" Aliweka kidole penye nafasi ya tarehe. "Jumamosi boti ikizunguka tena mbele ya wazazi, najaza hapa. Unabeba tranka lako, unarudi Sola kumsaidia mama yako kupalilia pamba."

"Na ikienda vizuri, mwalimu?"

"Ikienda vizuri tutaona."

Niliinamisha kichwa kwa heshima zote. Mama yangu, ambaye nyumbani tunamwita mayu, hajui kusoma. Barua yoyote yenye muhuri huipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji asomewe, na mwenyekiti wetu hana sauti ya chini. Kufukuzwa kwangu kungetangazwa uwanjani, mbele ya kuku, majirani, na wale wote walioambiwa na mayu kwamba mwanawe atakuwa injinia.

Sasa niieleze hiyo boti. Ilikuwa boti ya mfano, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyoundwa na klabu ya sayansi kwa mbao laini na gundi, na kuongozwa kwa rimoti. Mkuu mwenyewe ndiye aliyeipa jina, MV Nidhamu, na alisimama pale pale hadi herufi zikapakwa rangi nyekundu pande zote mbili. Nyuma ilikuwa na propela ya kuisukuma na usukani wa bati wa kuigeuza. Usukani ulishikiliwa na kijiti cha chuma kilichopanda kupitia kibomba kidogo kilichotoboa sakafu ya boti. Ndani, kimota kinachoitwa sevo kilivuta na kusukuma kijiti hicho kwa waya wa spoki ya baiskeli. Ukibonyeza kulia, sevo inavuta, usukani unageuka, boti inakwenda kulia.

Mwezi uliopita haikwenda kulia, na hapo hatia ni yangu, siikani. Nyuma ya rimoti kuna swichi ndogo kama punje ya mtama, ambayo ukiisogeza, kulia kunakuwa kushoto. Niliisogeza. Nia yangu ilikuwa ya kisayansi: kuuchunguza uso wa mkuu akiwaonyesha wageni boti yake kwenye lambo lililo nyuma ya uzio, lambo lile lile ambalo ng'ombe wa kijiji hunywea. Mkuu alibonyeza kulia ili awakwepe ng'ombe. MV Nidhamu ikaenda kushoto kwa kasi yake yote, ikamgonga dume mmoja mguuni. Dume yule hakuwa mwanachama wa klabu ya sayansi. Aliikanyaga.

Shule ilicheka wiki mbili, nami nikasaini barua ya kwanza. Swichi ikarudishwa mahali pake na kufungwa kwa gundi. Lakini kwato lilikuwa limekilegeza kile kibomba cha usukani, na boti ikaanza kuvuja hapo. Nahodha wa klabu, msichana aitwaye Nyanjige, akaiziba peke yake karakanani, akapaka rangi juu, na maji hayakuingia tena hata tone. Alipigiwa makofi paredi.

Kisha ukaanza ugonjwa mpya. Katika majaribio boti ilikwenda vizuri kwa dakika kumi hivi, ikalizunguka dumu la njano tuliloliweka katikati ya lambo kuwa alama, halafu ikakataa kunyooka. Ikabaki inazunguka kushoto, kushoto, kushoto, mpaka betri ikaisha na mtu akavua viatu kuifuata. Mara tatu.

Nani kafanya? Shule ya watu mia sita haikuhitaji kupiga kura. Utetezi wangu ulikuwa mmoja, kwamba sikufanya, na huo ni utetezi dhaifu kwa mtu aliyewahi kubandika tangazo lenye muhuri wa kiazi kwamba chakula cha mchana ni pilau.

"Wewe uliyeharibu ndiye utakayetengeneza," mkuu alihitimisha. "Nyanjige atakusimamia. Usiiguse akiwa hayupo."

Nyanjige anatoka Lamadi, ziwani, na baba yake ni fundi mitumbwi. Ana makovu ya patasi kwenye vidole, na ulimi wake umenolewa kwenye jiwe lile lile. Nilipoingia karakanani Jumatano alikuwa ameshaiweka boti juu ya meza na kukaa kwenye stuli, mikono kifuani, kama askari wa gereza.

"Mwandu, sema ulichofanya, tukitoe, tukale. Leo wali."

"Sijafanya kitu."

"Hata pilau hukufanya?"

"Pilau nilifanya. Hii sijafanya."

"Haya. Anza."

Nilianza na betri, kwa sababu betri ikichoka sevo hukosa nguvu. Tukaweka mpya, tukaenda lamboni. Dakika kumi, dumu, kushoto. Alhamisi nikafungua skrubu inayoshika mkono wa sevo, nikaikaza upya. Nikanyoosha waya wa spoki uliokuwa umepinda kidogo. Nikahamisha mzigo wa betri kulia ili boti isiegemee upande mmoja. Nilirefusha antena. Nilisogeza kile kitufe cha kusawazisha usukani mpaka usukani ukakaa katikati, umenyooka kama mstari wa paredi. Lamboni: dakika kumi, dumu, kushoto.

Lililoniumiza ni kwamba mezani haikuwa na ugonjwa wowote. Ikitoka majini, tuliianika juani ikauke kabla ya kuifungua, na ikishakauka, usukani ulicheza kulia na kushoto kwa utii wa mwanafunzi anayetafuta ukiranja. Mgonjwa anayepona kila akifika hospitali. Nikaanza kujishuku mwenyewe. Nilijiuliza kama inawezekana mtu kufanya utundu akasahau.

"Jumamosi baba anakuja," Nyanjige alisema ghafla, akitazama nje. "Hajawahi kuja hapa. Ameacha mtumbwi wa watu katikati. Anataka kuona boti inayokwenda bila mtu ndani."

"Ataiona."

"Ataiona ikizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Kwa sababu yako."

Niliwaza mwenyekiti wetu wa kitongoji akikohoa kusafisha koo.

Ijumaa mchana nilikuwa kwenye adhabu nyingine, ndogo, ya kufua vitambaa vya meza vya Siku ya Wazazi. Nilikuwa na makarai mawili makubwa penye bomba. Nyanjige aliileta boti, akakaa kando yangu kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu amri ilisema anisimamie na yeye ni mtu wa amri. Hatukuwa tumebakiwa na kitu cha kukagua. Basi nikaiweka MV Nidhamu ndani ya karai la sabuni, nikawasha rimoti, nikauacha usukani ukoroge povu. Kulia, kushoto, kulia, kushoto.

"Huna akili kabisa," Nyanjige alisema.

"Nidhamu lazima ifue."

Nilifua kwa mkono mmoja na kukoroga kwa mwingine. Kitambaa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne niliona povu limetulia. Kidole changu kilikuwa kinabonyeza, lakini usukani haukusogea. Nikainama. Ndani ya boti sevo ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba, kama nzi ndani ya chupa. Ilikuwa inasukuma kwa nguvu zake zote, na kitu kimeukamata usukani.

"Nyanjige. Njoo usikie."

Aliinamisha sikio. Nikaushika usukani kwa vidole, nikaugeuza: mgumu kama bawaba yenye kutu. Asubuhi ile, boti ikiwa kavu, ungeweza kuugeuza kwa kuupuliza.

"Ni maji," nilisema. "Kuna kitu kikikaa majini kinaikaba. Ikikauka kinaachia. Na sisi tunaianika kila siku kabla ya kuifungua, majuha sisi! Inabana pale ilipogeukia mara ya mwisho. Mwisho tunazunguka dumu kwa kushoto. Ndiyo maana!"

Nilikuwa nimeshachukua bisibisi. Nilikwangua rangi nyekundu kuzunguka kibomba, ikatoka kama gamba, na chini yake kulikuwa na kitu cheupe, kilicholowa, kimejaa hadi mdomoni mwa kibomba. Nikakivuta. Kilitoka polepole, kirefu, kama utumbo wa kuku. Pamba. Pamba safi ya kwetu, imesokotwa kama kamba na kushindiliwa kati ya kibomba na kijiti cha usukani.

Nilipoinua macho, Nyanjige alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Kalafati," alisema.

"Nini?"

"Baba ndivyo anavyoziba mitumbwi. Pamba kavu unaisokota, unaishindilia kati ya ubao na ubao. Ikilowa inavimba, ufa unajifunga wenyewe." Aliigusa ile pamba kwa kidole. "Nilitumia bisibisi kushindilia. Nilishindilia vizuri kabisa, Mwandu."

Nakiri kwamba nilicheza. Nilicheza kuzunguka makarai yote mawili, nimejifunga kitambaa cha meza kiunoni. "Nimepona! Mimi msafi! Mkuu asikie, wazazi wasikie!"

"Kaa chini."

"Dunia nzima isikie!"

"Mwandu, tafadhali." Hilo neno sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikakaa. "Usimwambie mtu kabla ya kesho. Baba akifika aikute boti inakwenda. Aione inakwenda kwanza. Baadaye nitasema mwenyewe."

"Baadaye lini?"

"Baadaye."

Nilipiga hesabu zangu upesi. Boti ikienda vizuri, hakuna barua. Ningepoteza nini nikinyamaza siku moja? Nikamwahidi, na ili ahadi iwe na uzito niliweka mkono juu ya MV Nidhamu.

Lakini bila pamba boti ingevuja. Hapo akili yake ilirudi. Alikata bomba la kalamu iliyokwisha wino, akaliunganisha kwa gundi juu ya kibomba, hata mdomo wake ukawa juu kuliko maji yanapoweza kufika. Mimi nilikimbia kwa fundi baiskeli aliye getini nikaomba grisi ya kujaza kifuniko cha soda. Gundi ilipokauka tukairudisha kwenye karai. Nilifua vitambaa vyote vilivyobaki, ishirini na kimoja, na povu halikutulia hata mara moja. Nyanjige akaifunga ile pamba kwenye karatasi ya daftari, akaitia mfukoni mwa sweta lake.

Jumamosi asubuhi wazazi walijaa ukingoni mwa lambo. Mzee Magese, baba yake Nyanjige, nilimjua bila kuonyeshwa: mtu mfupi mwenye mabega mapana, koti la suti juu ya kandambili, anayewatazama watu kidogo na maji sana. "Mwangaluka," alitusalimia, kisha akaipapasa boti tumboni kama anayechagua mbuzi.

Nyanjige alishika rimoti. MV Nidhamu ikaondoka. Ikapita ng'ombe kwa adabu, ikalifikia dumu, ikalizunguka kwa kushoto, na hapo nilifumba macho. Nilipoyafumbua ilikuwa inarudi. Imenyooka, inakata maji, herufi nyekundu zinasomeka. Akaipeleka tena, robo saa nzima, kulia, kushoto, na kila mara ilitii. Kina mama wakapiga vigelegele. Mzee Magese hakupiga makofi. Alikuwa amesahau kuishusha mikono kutoka kichwani.

Mkuu aliinua mkono, watu wakanyamaza.

"Ndugu wazazi, mmeona. Jumanne boti hii haikunyooka. Tukamkabidhi kijana huyu," akaninyooshea kidole, "na leo inanyooka. Hakununua kifaa. Hakuita fundi. Sasa mimi nimezaliwa Mwanhuzi, kwenye ng'ombe. Kwetu, ng'ombe wako wakikauka maziwa, halafu akaja mtu mmoja akawapapasa mgongo na maziwa yakatoka, hatumpi zawadi mtu yule. Tunamwuliza alikuwa amewafanya nini."

Wazazi waliguna. Wazee wawili watatu wakatikisa kichwa kukubali. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliona hoja ina mantiki.

"Mwandu, ulikuwa umeweka nini humo?"

"Sikuweka kitu, mwalimu."

"Basi uliondoa nini?"

Nilifungua mdomo. Nikamtazama Nyanjige. Alikuwa anatazama maji, mkono wake umezama mfukoni mwa sweta hadi kifundo. Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimeahidi. Na hata bila ahadi, hebu fikiria: Mwandu wa pilau anamnyooshea kidole nahodha wa klabu, aliyeiziba boti akapigiwa makofi, mbele ya baba yake. Ningefukuzwa mara mbili.

"Grisi tu," nilisema. "Nimeweka grisi."

"Kabebe tranka."

Bweni lilikuwa tupu isipokuwa Jeremia, rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, tuliyebandika naye lile tangazo la pilau. Alinitazama nikitupa sahani, sare na viatu ndani ya tranka.

"Kwa hiyo ndiyo leo," alisema.

"Ndiyo leo. Lakini sikufanya, Jeremia."

"Najua, najua." Alisema kama unavyomwambia mlevi. "Oya, godoro utalibeba? Maana langu limekuwa kama chapati."

Nilimwambia alichukue. Sikuwa na mkono wa kubebea godoro.

Njia ya kwenda getini hupita lamboni. Nilikuwa nalivuta tranka nyuma yangu, linachora mfereji vumbini, nikaona watu hawajatawanyika. Walikuwa wamefanya duara. Katikati Nyanjige alisimama mbele ya baba yake, na ile karatasi ya daftari imefunguliwa kwenye kiganja cha mzee.

"Nani alishindilia hii?" Mzee Magese alikuwa anauliza.

"Mimi, baba. Penye usukani. Ilikuwa inavuja." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Mwandu hakuweka chochote. Aliitoa tu. Tulijua tangu jana, nikamwomba asiseme."

"Binti," mkuu aliingilia, "usimfichie mwenzako. Pamba kila mtu mkoa huu anayo. Mama yake huyu kijana analima pamba."

Mzee Magese aliinyoosha ile pamba kati ya vidole viwili, akaisokotoa taratibu, akainusa. "Mwalimu," alisema, "watu husokota kwa kulia. Hii imesokotwa kwa kushoto. Mimi ni wa mkono wa kushoto, na huyu nilimfundisha nikiwa nimemketisha mbele yangu, akaiga nilivyo. Hapa shuleni hakuna mwingine anayesokota hivi, na Lamadi pia hayupo. Huu ni mkono wa nyumbani kwangu."

Kisha akamgeukia bintiye. "Umeshindilia vizuri," alisema, na nadhani hilo lilimwumiza kuliko kofi, maana ndipo machozi yalipotoka. "Lakini, mama, ubao ukishapigiliwa umekaa. Hiki chako kinageuka. Hukuniuliza."

"Ulikuwa mbali, baba."

"Ni kweli. Nilikuwa mbali."

Watu walitazama kila upande isipokuwa upande wa mkuu. Mwalimu Novatus aliingiza mkono ndani ya koti, akaitoa ile barua yenye muhuri, akaisoma kana kwamba hajui aliyeiandika. Nilisubiri aichane. Aliikunja mara nne, akairudisha mfukoni.

"Rudisha tranka bwenini," alisema.

"Na barua, mwalimu?"

"Barua haina tarehe. Itakaa."

Wazazi walianza kuelekea kwenye chakula, ambacho kilikuwa pilau ya kweli, yenye idhini. Nyanjige alinifuata hatua chache, macho mekundu, akishika mpini wa pili wa tranka bila kuombwa.

"Nilichelewa," alisema.

"Nilifika mpaka hapa tu. Getini bado."

"Nilikuwa nakuombea useme wewe. Ungesema, ningepata sababu ya kukukasirikia." Aliliachia tranka penye mstari ambao wasichana hawaruhusiwi kuuvuka. "Ulipoenda kulibeba, sikuwa na sababu hiyo."

Sikupata mzaha wa kumjibu. Nilitafuta, nakuhakikishia.

Niliingia bwenini. Jeremia alikuwa amelala chali juu ya godoro langu, tayari ameshalivalisha shuka lake, viatu vyake vimepangwa chini ya kitanda changu. Alinitazama, kisha akalitazama tranka.

"Ee, Mwandu," alisema bila kuinuka. "Umesahau nini?"